Mchuzi Usiotaka Maneno

Binti yangu alipoikimbia sombe yangu, nilichukulia kuwa ni matusi kwa Kivu ya Kusini nzima. Hakusema, "Mama, sina hamu." Hakusogeza sahani pembeni kwa adabu. Ndio kwanza nilikuwa nafunua sufuria, harufu ikamfikia, akaziba mdomo kwa mkono na kutoka mbio mpaka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akatapika hata chai ya asubuhi. Nikabaki na mwiko wangu hewani. Sombe ile, majani mabichi ya muhogo, nilikuwa nimeitwanga mwenyewe, nikaitia mawese na ndagala wa ziwa letu la kule nyumbani, ndagala waliofika Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, kwa shida kama nilivyofika mimi.

"Rudia hapa!" nikapiga kelele. "Hii ni sombe, haiko sumu!"

Ilikuwa mimba yake ya pili. Ya kwanza haikukaa. Ilitoka mapema, hata nguo za mtoto hatujaanza kutafuta. Tangu siku ile hatukuwahi kuizungumza vizuri. Yaani yeye hakuizungumza, mimi niliizungumza kila siku. Ndivyo nilivyo. Nikifurahi naongea, nikiogopa naongea zaidi. Kanisani mchungaji alishawahi kuniomba nisali kimoyomoyo ili na wenzangu wapate nafasi ya kusikika mbinguni. Mume wake binti alikuwa mjini Mbarara kwenye kazi ya ujenzi, kwa hiyo mzigo wote ulikuwa wangu: yeye, tumbo lake, na hofu yangu kila alipoinuka ghafla kwenye mkeka.

Muuguzi wa kliniki pale Base Camp, katikati ya kambi, alimpima, akaushika mkono wake uliokuwa umebaki mifupa, kisha akaniambia mimi, si yeye: "Mama, akiendelea hivi hatakuwa na nguvu ya kumbeba huyo mtoto. Tutamtuma Mbarara wamtundike serumu ya mshipani. Mtafutie chakula chochote. Kama cha kwenu kinamshinda, jaribu cha wengine."

Cha wengine! Mimi ni mtu wa bugali wa muhogo. Nilikuwa nimeishi Nakivale miaka mingi, nimezungukwa na Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Wahabeshi na Wanyankole wenyewe wenye nchi, na sikuwahi kufunua sufuria ya mtu. Kwangu chakula cha mtu ni kama mswaki wake: unaweza kumpenda mwenyewe bila kutaka kuutia mdomoni.

Lakini binti alikuwa anaisha mbele ya macho yangu. Nikafunga kitenge, nikatoka.

Sikuhitaji kwenda mbali. Jirani yangu ni Mrundi, Mkatoliki wa kweli, nyumba yake na yangu zinapeana mgongo, na kila ninachosema kwangu yeye anakijua kabla sijakimaliza. Alikuwa ananisubiri mlangoni.

"Yezu Mariya! Weye unampa majani kila siku," akaniambia. "Mtoto wa mtu si mbuzi."

Siku nyingine ningemjibu, na angeyakumbuka majibu yangu mpaka Pasaka. Siku ile nilimeza mate. Akapika maharagwe ya Kirundi, mekundu, laini, na ndizi za kupika ndani yake. Binti akala vijiko kadhaa. Tukashangilia, jirani akaanza wimbo wa Bikira Maria. Wimbo haujafika kwenye kiitikio, maharagwe yakarudi.

Nikaenda kwa Wasomali pale Base Camp, kwa mama mmoja mwenye hoteli. Nikamweleza habari yote kuanzia mimba ya kwanza. Akanisikiliza, akaniletea sahani ya tambi na nyama, na juu yake ndizi mbivu nzima, haijamenywa.

"Hii ndizi ni ya kula baadaye?" nikauliza.

"Pamoja," akasema. "Walaahi, hii chakula ya Italia. Babu yangu alikula, mimi nakula."

Nilidhani ananichezea. Nikageuka nione wateja wake. Mzee wa heshima, mwenye ndevu zenye hina, alikuwa anazungusha tambi kwa mkono mmoja na kung'ata ndizi kwa mwingine, bila aibu yoyote. Ekie! Nikabeba hivyo hivyo mpaka nyumbani, nikamwambia binti, "Leo unakula chakula cha Ulaya." Akaitazama ndizi, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika mbavu. Nikafurahi sana kumwona anacheka. Nikaketi karibu naye, nikamwambia ale haraka kabla hakijapoa, ale vizuri, ale kwa ajili ya mtoto, isije ikawa kama ile ingine. Akala kidogo. Kilikaa tumboni mpaka adhuhuri.

Kwa Wahabeshi ndiko nilikopata aibu. Mama mwenye nyumba alinikaribisha, akatandaza ule mkate wao mpana wenye uchachu, akamwagia mchuzi juu yake. Mimi nikawa namweleza shida yangu, na nilikuwa nimefika mahali pazuri kabisa, mahali muuguzi anaposhika mkono wa binti, ndipo yule mama akakata kipande, akakichovya, akakikunja vizuri, akanisukumia mdomoni. Katikati ya sentensi! Sikuwahi kunyamazishwa hivyo tangu nizaliwe. Nikainuka na mashavu yangu yamejaa, nikitaka kumwambia kwamba kama maneno yangu yamemchosha angesema tu. Mume wake akanishika mkono taratibu. Kwao, akanieleza, kumlisha mgeni kwa mkono ni heshima kubwa, na kipande kikiwa kikubwa ndiyo upendo wenyewe. Basi nikatafuna ule upendo, na kusema kweli ulikuwa mtamu. Nilipofika nyumbani nikajaribu heshima hiyo hiyo kwa binti. Nikamkunjia kipande cha upendo mkubwa, nikamsukumia mdomoni huku nikimwambia asiogope. Sitasema kilichofuata. Nilifua kitenge changu na blauzi.

Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa napeleka habari, habari ilienea. Bombani wanawake waliacha kusalimiana. Walikuwa wanauliza, "Leo alitapika chakula ya nani?" Yule mama wa Kisomali alijivunia kwamba tambi zake zilikaa mpaka adhuhuri, wakati mkate wa Wahabeshi haukufika hata mlangoni. Wahabeshi walisema si kosa la mkate, ni kosa la mlishaji. Mwanamke wa Kieritrea aliniletea mkate uleule kabisa akiapa kwamba wake ni tofauti, na kwamba wale wengine hawajui chochote. Wanyarwanda walileta isombe. Nikawaambia hiyo ni sombe yangu imehama nchi, na binti akaikimbia hata kabla sijamaliza kuwashukuru. Jirani yangu Mrundi alijifanya refa. Mtu akipita njiani akiuliza, anamjibu kwa furaha isiyofichika, "Kongo? Kongo ilitoka raundi ya kwanza."

Tulicheka, ndiyo. Lakini usiku binti alipojigeuza nilikuwa nasikia mifupa yake ikigusa sakafu kupitia mkeka, na hakuna taifa lililokuwa na dawa ya hiyo.

Kliniki ikatutuma Mbarara. Daktari akamtundika serumu, akamsikiliza tumbo, akasema moyo wa mtoto unapiga vizuri, ila mama yake hana akiba. Ale. Kila mtu anajua kusema "ale".

Tulipotoka hospitali, mkwe wangu alikuwa anatusubiri. Akatupeleka kwenye hoteli ndogo karibu na stendi ya magari. Sasa, kwetu mkwe wa kiume hali mbele ya mama mkwe, wala mama mkwe hatafuni mbele yake. Kuonana midomo ikienda juu na chini ni aibu isiyofutika. Kwa hiyo kijana, ambaye ana adabu, alituketisha mezani, akaweka mbele ya mkewe mkebe wa tambi za supu aliopewa na mpishi wa Wachina wa pale kazini kwake, akaweka na mfuko wa dengu na chapati kutoka kwa Wahindi, halafu akaenda kuketi meza nyingine, mgongo wake kwetu, uso wake ukutani. Alikuwa anaongea na ukuta.

"Muulize mama kama anataka soda," aliuambia ukuta.

Dada mhudumu akamtazama, akatutazama. "Mama nyabo, mmegombana na huyo bwana ssebo?"

"Hapana," nikasema. "Ananiheshimu."

Binti alinusa supu ya Wachina, akafunika mkebe. Akanusa dengu, akafunga mfuko. Nikaanza kumwambia hali ilivyo, kwamba mume wake amehangaika, kwamba daktari amesema, kwamba hatutaki yajirudie yale, na wakati nasema nikaona hanisikilizi kabisa. Alikuwa anatazama meza ya pembeni. Pale alikaa bwana mmoja Mnyankole mwenye kofia, na mbele yake matoke na bakuli la mchuzi mweupe kama maziwa mazito. Mchuzi haukuwa na moshi wala harufu. Ulikuwa baridi. Na kabla sijamshika, binti yangu niliyemlea kwa adabu, niliyemchapa kwa kuomba maandazi kwa watu, akanyoosha mkono, akachovya kidole kwenye bakuli la mwanamume asiyemjua, akakilamba.

"Banange!" akasema bwana.

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yule bwana aliliona tumbo, akaona na ile mikono, akalisukuma bakuli na sahani yote upande wetu. "Kale, acha akule," akasema. "Mwenye mimba hanyimwi."

Akala. Mimi sikusema neno kwa sababu ya aibu tupu. Alikula matoke yote ya yule bwana, akafuta bakuli kwa kidole, akaomba jingine. Nilikuwa natazama mlango, nikipanga njia tutakayopita akitapika. Hakutapika.

"Amekula?" ukuta ukaulizwa.

"Amekula yote ya mteja!" akajibu mhudumu.

Mabega ya mkwe wangu yakaanza kutikisika. Kijana alikuwa analia akitazama kalenda ya mbolea iliyotundikwa ukutani, na mimi nikalia nikitazama mgongo wake, na yule bwana mwenye kofia akaagiza sahani nyingine huku akitikisa kichwa.

Mchuzi ule unaitwa eshabwe. Ni samli changa iliyokorogwa na maji baridi na chumvi ya mawe mpaka ikawa nyeupe. Nikabeba mkebe mmoja kwenda nao Nakivale, lakini jua na mashimo ya barabara viliurudisha ukawa mafuta, na binti hakutaka hata kuuona. Nikamkumbuka yule mhudumu. Alikuwa ameniambia kwamba anayewatengenezea ni bibi yake anayekaa Kabingo. Kabingo ni karibu nasi kuliko Mbarara. Kesho yake nilikuwa mlangoni kwa bibi.

Bibi alikuwa mdogo, mkavu, mwenye macho ya kuona kila kitu. Nilimsalimia, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, na wanaonisikiliza mpaka mwisho si wengi. Kisha akaleta bakuli la mti lililong'aa kwa kutumika, akaosha mikono, akaniambia, "Wewe, sasa nyamaza. Hii hapana taka mdomo. Mtu naongea, inaharibika."

"Inaharibika vipi?" nikauliza.

Akaiweka samli chini. "Unaona? Umeongea."

"Lakini hatujaanza!"

"Mimi nilianza na kichwa."

Sasa fikiria shida hii. Mtu anakufundisha kitu usichokijua, huruhusiwi kuuliza, na yeye haruhusiwi kujibu. Akaanza upya. Akakoroga. Samli ikaanza kubadilika rangi mbele ya macho yangu, kutoka manjano kwenda nyeupe, na mimi bila kukusudia nikasema, "Kumbe!" Neno moja tu, la mshangao, hata Mungu hulisamehe. Bibi akabeba bakuli, akatoka nje, akammwagia mbwa. Mbwa alinitazama kwa shukrani.

Siku iliyofuata nilivumilia mpaka karibu na mwisho, ng'ombe akaingiza kichwa dirishani, nikamwambia atoke. Mbwa akala tena. Wakati huo binti yuko nyumbani anakunywa maji ya chumvi na sukari, na mimi nanenepesha mbwa wa Kabingo! Nilikaa kwenye kizingiti nikalia kwa hasira. Nilimwambia bibi kwamba ni ushirikina, kwamba samli haina masikio, kwamba kwetu tunapika tukiimba na chakula kinaiva. Hakubishana. Alinijazia kikombe cha maji, akanionyesha kwa ishara: jaza mdomo, usimeze. Akafura mashavu yake ili nielewe.

Ikawa dawa. Mdomo uliojaa maji hauna la kusema. Nikakoroga mwenyewe, mashavu yamevimba, jasho linanitoka. Katikati ya kazi akaingia mjomba fulani wa nyumba ile, akanisalimia kwa salamu zile ndefu za Kinyankole, habari ya nyumbani, habari ya ng'ombe, habari ya mvua, kila moja inangoja jibu lake. Nikamtolea macho tu.

"Maskini," akamwambia bibi kwa huruma. "Mkimbizi, tena bubu."

Nilikuwa na majibu yake yote, moja moja, tayari. Nikakoroga. Mchuzi ukatoka mweupe kama ule wa Mbarara. Bibi akauonja, akaniruhusu niteme, na akanifungia samli kwenye majani ya mgomba.

Basi nyumbani kwangu kukawa na kimya. Kila asubuhi najaza mdomo, naketi chini, nakoroga, kisha nampa binti bakuli maji yakiwa bado mdomoni, maana bibi alisema mchuzi haujaisha mpaka mlaji amalize. Na binti akawa anakula. Kwanza kwa woga, baadaye kwa mkono mzima. Mifupa ya mkono ikaanza kujificha. Bombani Wasomali na Wahabeshi walipatana kwa mara ya kwanza, wakisema si haki, wenye nchi wamecheza nyumbani.

Aliyefaidi zaidi ni jirani yangu. Alipogundua kwamba wakati nakoroga siwezi kujibu, alileta kigoda chake. Kila asubuhi, nikisha tu kufura mashavu, anaingia, anaketi, anaanza kunipakulia yote aliyoyahifadhi tangu tujuane. Kwamba sombe yangu ina chumvi ya kuhifadhia ngozi. Kwamba nikiimba kanisani kwetu, kwao Misa inasimama. Kwamba jembe lake alilolipoteza mwaka ule analiona kwangu kila siku, limebadilishwa mpini. Nilikoroga kwa nguvu mpaka bakuli likalia. Binti alikuwa anacheka ndani mpaka anaishiwa pumzi, na akicheka anaona njaa, basi hata matusi ya jirani yakawa sehemu ya dawa. Nililirudisha jembe bila kusema neno.

Halafu ng'ombe wakaugua. Ugonjwa wa midomo na miguu. Hata wao walikuwa wamepata shida ya mdomo. Ikawekwa karantini Isingiro, wilaya yetu nzima, maziwa hayauzwi, samli haipatikani. Bibi wa Kabingo alinionyesha vibuyu vitupu, akafungua mikono. Nikaenda mpaka Rugaaga, shamba kwa shamba, nikiomba hata kijiko. Wakulima walinionea huruma, wakanipa kile walichokuwa nacho: majani ya muhogo. Fungu zima, machanga, mazuri. Nikarudi nayo kichwani, na njia nzima nikawa nafikiria tumbo la binti, limebaki kidogo tu kutimiza miezi yake, na jinsi mwili ulivyomdanganya mara ya kwanza.

Nilipofika, jirani alikuwa mlangoni na kigoda chake. "Umepata?" akauliza.

Sikutaka kumjibu. Nilijua nikifungua mdomo nitalia mpaka Base Camp nzima isikie. Nikachukua kikombe, nikajaza maji mdomoni kwa mazoea, nikaanza kutwanga yale majani. Sikumpikia binti; yeye nilishajua sombe haitaki. Nilipika kwa sababu mikono yangu haikuwa na kazi nyingine. Mawese, bilinganya, ndagala. Nikapika na bugali. Jirani aliketi akinichochea moto, na yeye siku ile hakuwa na tusi.

Nilipofunua sufuria, binti alitoka ndani. Nikasubiri azibe mdomo. Akaketi kwenye mkeka. Akamega bugali, akafinyanga tonge, akachovya kwenye sombe, akala. Akamega tena. Mimi nikapumua kwa pua kwa nguvu, nikataka kumeza yale maji nimuulize, niseme, nishangilie. Akanyoosha mkono wenye mawese, akaniwekea juu ya goti.

"Mama, usimeze maji," akasema. "Acha nimalize kwanza."

Akala mpaka akakwangua sufuria. Kisha akasema, na hakunitazama, alitazama sufuria: "Haikuwa sombe. Hata siku moja haikuwa sombe. Kila sahani ulinipa, ulinipa na ule mutoto wa kwanza. Kula, isiwe kama ile ingine. Kula, usinifanyie tena vile. Niko nasikia harufu, niko namuona. Kule Mbarara ulinyamaza sababu ya haya, njo nikasikia njaa."

Hasira ilinipanda, sitaficha. Nilitaka kumwambia nani alimbeba mgongoni kutoka kwetu mpaka hapa, nani alienda kunenepesha mbwa wa watu, nani alifua upendo wa Kihabeshi kwenye kitenge. Nilikuwa na maneno ya kujaza lori. Na chini ya hayo yote lilikuwepo moja tu, kwamba niliogopa, kwamba yule wa kwanza alikuwa mjukuu wangu na mimi pia sikumzika moyoni. Maji yalikuwa mdomoni. Nikalia hivyo hivyo, mashavu yamefura. Jaribu siku moja uone kazi yake. Jirani akanifuta machozi kwa kanga yake, akasema, "Mana weee, leo hata chumvi umeipatia."

Tangu siku ile tuliachana na eshabwe. Nilipika kila kitu na maji mdomoni: sombe, maharagwe ya Kirundi, hata tambi, na ndizi yake pembeni. Vyote vilikaa. Mataifa yote yalidai ushindi, na kila moja lilikuwa na ushahidi.

Mtoto alizaliwa kliniki ya Base Camp, mchana kweupe, msichana, na alipolia watu waliokuwa sokoni waligeuka. Jirani akasema hahitaji kuulizwa ni mjukuu wa nani. Nje walikuwa wamekuja wote na vyombo vyao: mama wa Kisomali, Wahabeshi na yule Mueritrea wakisimama mbali mbali na mkate uleule, Wanyarwanda, na bibi wa Kabingo ameteremka kwenye pikipiki na bakuli lake la mti. Mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Mbarara, amesimama anautazama ukuta. Mimi niliingia na sahani ya sombe, maji mdomoni, nikaiweka mbele ya binti. Alikuwa amechoka, nywele zimelowa, mtoto kifuani.

Hakugusa sahani. Akanitazama.

"Mama, tema maji," akasema. "Sasa sema."

Nikatoka nje mbele ya mataifa yote, nikatema kwenye nyasi, nikafuta mdomo, nikarudi. Wote walinifuata mpaka mlangoni wasikie. Nilikuwa na akiba ya miezi. Nilitafuta la kuanzia, nikatafuta tena, na lililokuja lilikuwa lilelile la siku zote, ila safari hii halikufuatwa na lingine.

"Kula," nikasema.

Akala.